Wasifu wa Taratibu, Kiongozi wa Wapiga Mbizi wa Visiwa vya Mbali

Ndugu, jamaa, majirani na wenzake wa gatini, asanteni kwa kuja kumsindikiza. Jina lake kamili mmeliona kwenye jalada la ratiba, lakini likisomwa hilo, nusu yenu mtauliza ni nani huyo. Basi tumwite kama mlivyomwita ninyi wenyewe: Taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya kuchomelea vyuma. Baba alikuwa fundi wa karakana hiyo, na mama alifua mashuka ya hospitali. Mama alipenda kusimulia kwamba mwanawe huyu alichelewa kuzaliwa wiki mbili, na alipotoka hakulia mpaka alipomaliza kuwaangalia watu wote waliokuwemo chumbani. Sisi tunaamini alitia chumvi kidogo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari Novemba 1979. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Anaweza, ila hana haraka." Kaka yake mkubwa alimcheka kwa maneno hayo mwaka mzima. Kuogelea alijifunza kwenye bwawa la machimbo ya mawe, mahali ambapo mama alikuwa amewapiga marufuku watoto wake wote. Dada yake mdogo, anayesoma wasifu huu, ndiye aliyekuwa akilinda nguo. Siri hiyo anaitoa leo kwa kuwa mama hayupo wa kumchapa.

Tarehe 3 Februari 1984 aliajiriwa na kampuni ya wapiga mbizi, akijaza hewa kwenye mitungi na kuosha suti za mpira. Miaka mitano baadaye akawa kiongozi wa safari za visiwa vya mbali, ambako boti hukata maji saa thelathini na moja bila kuona nchi kavu. "Taratibu, jamani, taratibu," aliwaambia wageni kila asubuhi, maana anayepanda juu kwa pupa akitoka kilindini anaweza kupooza. Safari yake ya kwanza akiwa kiongozi ilikuwa na wageni wanane. Baada ya kupiga mbizi alihesabu vichwa botini, akapata wanane, akamwambia nahodha aondoe boti. Hawajafika mbali, filimbi ikasikika nyuma yao. Daktari wa meno alikuwa bado anaelea, anapuliza mpaka mashavu yamevimba! Kumbe Taratibu alikuwa amejihesabu mwenyewe.

Daktari alipopandishwa, alimtazama juu hadi chini. "Kijana, siku ukija kwangu kung'oa jino, sindano ya ganzi sahau."

Wakawa marafiki, na daktari huyo yupo hapa leo, safu ya tatu. Tangu siku hiyo Taratibu alihesabu watu kwa kumgusa kila mmoja begani, na katika safari mia mbili na kumi na mbili hakumwacha tena mtu majini.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1992 na fundi cherehani aliyekuwa akishona maturubai ya boti. Alimchumbia miaka minne, wakwe wakaanza kukata tamaa. Bibi harusi naye alikuwa na sharti moja, kwamba maji yasimpite magoti. "Nimeolewa na wewe, sikuolewa na bahari," alisema, na hapo alitia ngumu. Basi kila aliporudi, Taratibu aliketi kwenye kibao kando ya cherehani, begi hajalifungua, akamweleza alichokiona: samaki jike anayegeuka dume, samaki taa mwenye upana wa chumba kizima. "Kawadanganye wageni wako," mkewe alijibu, mguu haujaacha kukanyaga cherehani. Taratibu hakumlazimisha. Lakini siku moja alimwambia dada yake kwamba kilichomuuma ni hicho tu, kuishi na mtu unayempenda naye hajui nusu ya maisha yako.

Tarehe 17 Agosti 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. "Mzee, kutembea ruksa," wakamwambia. "Kupiga mbizi, basi tena." Alirudi nyumbani, akaanika suti yake uani ingawa ilikuwa kavu. Mwaka uliofuata mkewe akaanza kutoka kila Alhamisi, ati anakwenda kumpima mteja. Alirudi akinuka dawa ya bwawa. Taratibu akajifanya hamnazo. Ukweli ni kwamba mama huyu, akiwa na miaka hamsini na sita, alikuwa anafundishwa kuogelea pamoja na watoto wa darasa la pili, na wao ndio waliokuwa wakimpigia makofi.

Tarehe 12 Novemba 2022 wote wawili walikuwa safarini visiwani, Taratibu kama abiria tu. Boti ikiwa imetia nanga kwenye kisiwa cha tatu, mkewe alitoka chumbani amevaa suti ya mpira aliyoipanua mwenyewe kiunoni.

"Unakwenda wapi?" Taratibu akauliza.

"Kumpima mteja."

Alishuka mita nane, ameshikwa mkono na binti yao, ambaye ndiye kiongozi siku hizi. Alikaa chini dakika ishirini na nne. Kwa mara ya kwanza Taratibu ndiye aliyesubiri juu, roho mkononi, na alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipojua mkewe alikuwa akifanya kazi gani nyumbani miaka yote. Mkewe alipotoa kichwa alivua miwani, akamkazia macho.

"Haya yote," akasema, "ulikuwa unayaacha, unarudi kwangu?"

"Kila safari," Taratibu akajibu.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Miezi yake saba ya mwisho ilikuwa ya furaha. Wawili hao walishinda wakibishana juu ya rangi za samaki, na mara nyingi aliyeshindwa ni yeye mzoefu.

Kaka yake mkubwa alimtangulia mwaka 2015. Taratibu ameacha mke, binti aliyerithi kazi yake, mtoto wa kiume ambaye ni mwalimu, wajukuu watatu, na dada mmoja ambaye hajui Jumapili atapiga simu kwa nani. Tulipomuuliza mjane wake tuongeze nini kwenye wasifu huu, alisema, "Andikeni tu kwamba niliona."

Wifi yetu, tumeandika. Nawe Taratibu, kaka yetu, pumzika sasa kwa amani.