Lawrence Lisanza, Aliyekaa Kando ya Agneta

Mchungaji wetu, majirani wa hapa Karama, Dubai, na ninyi nyote mliofika leo kabla hatujamsafirisha ndugu yetu kwenda nyumbani, mimi Alfred, kaka yake Agneta mjane wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya shemeji yetu, na tumekubaliana yasomwe yote, na wivu wake ukiwemo, kwa sababu Lawrence bila wivu ni chai bila majani.

Marehemu Lawrence Amukoya Lisanza alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Khayega, Kaunti ya Kakamega, mtoto wa tatu wa mzee Lisanza na mama Rasoa, akasoma shule ya msingi papo hapo kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, kisha akafanya kazi ya ulinzi Kisumu, na tarehe 20 Desemba 2008 akafunga ndoa na Agneta, harusi ambayo watu wa kwetu wanaisimulia hadi leo, maana bwana harusi alimnunia mpiga picha kutwa nzima kwa kumshika bibi harusi kidevu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lynette na Tonny, ambao wako Khayega na nyanya yao wakitusubiri.

Mwaka 2012 alikuja Dubai, akawa mlinzi wa hoteli moja mtaa wa Al Mankhool, akasifiwa kwa macho makali, na Agneta alipomfuata miaka miwili baadaye, akaajiriwa kumtunza Madam Sulochana, mama mzee wa Kihindi, macho yale yale yakahamia kwa mkewe. Jamani, shemeji alikuwa na wivu! Alimwonea wivu muuza mboga, alimwonea wivu dereva wa teksi aliyesema asante, lakini zaidi alimwonea Matia, mlinzi mwenzake, kwa kosa la kuwa mrefu na kupumzika Jumamosi.

Sasa, Jumamosi ndiyo siku Madam alipokwenda kusikiliza muziki wa kwao, Agneta akimshika mkono ngazini, na Agneta akawa anarudi Karama kimya, uso umetulia, hagombani na mtu jikoni, Lawrence akasema uso wa namna ile hauletwi na kazi, pana mwanamume. Agneta akamwambia ni muziki tu, yeye akauliza ni muziki gani huo usiochezwa, na tarehe 18 Novemba 2023 akabadilishana zamu, akawafuata hadi ukumbini, akijua za mwizi ni arobaini.

Mlangoni akavuliwa viatu kama kila mtu, akaketishwa sakafuni juu ya shuka nyeupe, katikati ya nyanya wawili, hawezi tena kusimama bila kuwakanyaga, anamtafuta Matia kwa macho, hamwoni, anamwona mkewe kule mbele, amefumba macho, ana utulivu ambao yeye mumewe hakuwahi kumpa, na hilo lilimchoma kuliko kama angemkuta na Matia. Jukwaani alikaa mzee wa mvi, nyuma yake vinanda viwili vya shingo ndefu vikivuma bila kukoma, akiimba sauti isiyo na maneno, anaigeuza polepole, anaiacha, anairudia, na Lawrence akamwonea wivu hata mzee yule, akamkazia Agneta macho aone akifumbua atamtazama nani. Lakini mzee hakuwa na haraka, ngoma zilikuwa bado kimya, ukumbi mzima ukawa unapumua pamoja, na mwenyewe alitusimulia kwamba hajui alifumba macho saa ngapi, alichojua ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu aoe hakuwa anajiuliza mke wake yuko wapi. Ngoma zilipoingia akashtuka, akafumbua, akakuta Agneta amegeuka anamwangalia yeye, na badala ya kumfokea Agneta akasogea, akapigapiga shuka kando yake, aje akae.

Tangu hapo hawakukosa, Madam kushoto, Lawrence kulia, wala msidhani alipona, thubutu, wivu aliuvua mlangoni pamoja na viatu, akitoka anauvaa tena, na akijua atachelewa kazini alimpa Agneta koti lake alitandaze pale, mwanamume asije akajisogeza.

Agosti 2024 madaktari walimkuta na saratani ya ini, akatibiwa, akapata nafuu kidogo, akalazwa tena Januari 2025, na siku moja akiwa kitandani akamwambia Agneta asiache kwenda kwenye muziki, na kando yake akae yeyote, hata Matia, khalas, yamekwisha. Agneta alitoka wodini akalia, akatupigia simu kusema Lawrence anatuacha, na madaktari walikuwa bado hawajasema hivyo, lakini yeye ndiye aliyemjua mumewe. Aliaga dunia tarehe 9 Februari 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha, Madam Sulochana, walinzi wenzake wote, na Matia, aliyemwogesha hadi siku ya mwisho.

Shemeji, Agneta tuko naye hapa, hakai peke yake, pumzika kwa amani, usigeuke kuangalia ni nani.