Mwalimu Kanana na Alfabeti Inayoishia F

Marehemu Mwalimu Lucy Kanana Mwiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1982 huko Igoji, Meru, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Stephen M'Imanyara na Mama Esther Karambu. Alibatizwa katika Kanisa la Methodisti. Mama yake husema kwamba Kanana alichelewa kuongea, na alipoanza, neno la kwanza lililoeleweka lilikuwa "ngapi?"

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Igoji, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1996, na kumaliza kidato cha nne mwaka 2000. Mwaka 2002 alijiunga na chuo kikuu kusomea ualimu wa hisabati na fizikia. Huko, mhadhiri aliyekuwa akistaafu alimgawia kikokotoo cha kuchora grafu, kile kikubwa chenye skrini na betri nne. Wenzake walikitumia kuchorea mistari. Kanana akagundua kwamba ukipita mlango wa nyuma, unaweza kusema na mashine kwa lugha yake yenyewe: tarakimu sifuri hadi tisa, kisha herufi A hadi F, zikiandikwa mbili mbili. Hakuna neno, hakuna sentensi. Ukikosea alama moja, skrini inaganda, au kila ulichoandika kinafutika. Alifutiwa kazi yake mara nyingi, na kila mara alianza upya bila kununa. Programu yake ya kwanza iliyokubali ilisogeza nukta moja kutoka upande huu wa skrini hadi ule. Aliwaita wenzake bwenini waje waone. Walikuja, wakaona nukta, wakarudi kulala. Yeye alifurahi wiki nzima.

Januari 2008 alitumwa kufundisha shule ya wasichana mjini Garissa. Alipanga nyumba mtaa wa Iftin kwa Mzee Billow, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye kwanza alimwonya juu ya joto, na pili akamletea maziwa ya ngamia. Shuleni, kompyuta zilikuwa chache na umeme haukutabirika, kwa hiyo kikokotoo kikawa ndicho maabara. Wasichana watano sita walikizunguka baada ya vipindi, na pamoja wakaandika programu ya kumtembeza ngamia kwenye skrini. Siku ya wazazi, ngamia alitokea miguu juu.

"Mwalimu," Mzee Billow akasema, akiinama kutazama, "hii ngamia imekufa. Lakini bado inatembea!"

Kanana alicheka hadi akaketi chini. Wasichana walimgeuza ngamia huyo kabla ya wazazi kumaliza chai.

Mumewe, Martin Mwiti, alikuwa afisa wa mifugo Ijara, kusini mwa Garissa. Walikutana mwaka 2009, Mwiti alipopita shuleni kumsalimu rafiki yake na kumkuta mwalimu mmoja amekodolea macho kikokotoo kilichofunguliwa mgongo, betri zimetapakaa mezani.

"Hicho kimekukosea nini?" akauliza.

"Kimekataa kunisikia."

"Basi tuko wawili. Hata ng'ombe wa leo wamekataa kunisikia."

Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2010, na Mungu akawajalia binti, Wendy, mwaka 2012.

Mwaka 2015, baada ya magaidi kushambulia chuo kikuu cha Garissa, walimu wengi waliotoka bara waliondoka mjini humo kwa kuhofia usalama wao. Mwiti alibaki kazini, lakini alimwomba Kanana ampeleke mtoto nyumbani. Kanana alikubali kwa uchungu. Kikokotoo aliwaachia wasichana wa kidato cha tatu, mmoja wao akiwa Rukiyo, binti wa Mzee Billow.

Alikuwa Igoji akichambua maharagwe na mama yake simu ilipolia. Ni Rukiyo, sauti imejaa machozi. Programu yao mpya ilikuwa imezimisha kila kitu.

"Hakuna kilichokufa," Kanana akamwambia. "Mliiandika kwenye karatasi? Haya, nisomee, pole pole."

Rukiyo akasoma, mbili mbili.

"Ngoja. Hiyo ni B ya Billow au D ya Dadaab?"

"Ya Dadaab, mwalimu."

Wakaendelea hadi mwisho. Kanana akauliza, "Na C9 iko wapi?"

"Hatuna C9."

"Ndiyo sababu imepotea. C9 ndiyo inayoiambia kazi imeisha, rudi ulikotoka. Bila hiyo inaenda tu, haijui pa kusimama."

Kabla hajakata, Mzee Billow akachukua simu yake. "Walahi mwalimu, hawa watoto wamemaliza pesa ya simu yangu wakisoma alfabeti. Na hii alfabeti inaishia F! Rudi uwamalizie hiyo ingine."

Kanana aliweka simu chini, akarudi kwenye maharagwe, lakini hakuyaona tena. Mama Karambu alimtazama.

"Usiniambie unataka kurudi."

"Mwaka ujao wanafanya mtihani, Mama."

"Na huyu mtoto wako? Na mimi nilale vipi?"

"Naogopa pia. Lakini nikikaa hapa nitakuwa nimekaa tu."

Mama alikazana na maharagwe siku hiyo na ya pili. Siku ya tatu alianza kumfungia unga na ndizi. Januari 2016 Kanana alirudi Garissa na Wendy, akafundisha hapo hadi ugonjwa ulipomsimamisha. Wasichana wale walifanya mtihani wao. Rukiyo leo ni mwalimu wa hisabati Ijara.

Juni 2023 Kanana aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Garissa, kisha Nairobi, akavumilia mengi bila kulalamika. Dawa zilimtia ganzi vidoleni, vitufe vidogo vya kikokotoo vikamshinda. Rukiyo alipomtembelea hospitalini, Kanana alikuwa akisema, Rukiyo akibonyeza. Siku moja skrini ilizima. Rukiyo akaomba msamaha.

"Hapana, mwanangu. Wewe ulibonyeza sawasawa. Mimi ndiye niliyekosea kusema." Akamgeukia mumewe. "Baba Wendy, nimechoka sasa."

Mwiti akamshika mikono, akaisugua polepole hadi Kanana akasinzia. Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda.

Ameacha mume, Martin Mwiti, binti, Wendy, mama, Esther Karambu, na ndugu wawili. Rasimu ya wasifu huu iliposomwa jana nyumbani, Mama Karambu aliusikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na yule msichana wa Garissa yuko wapi hapo?" Akaelezwa kwamba ametajwa juu, kwenye habari za kazi. Akasema hapana, aandikwe chini, pamoja na watoto. Basi ameacha pia binti, Rukiyo Billow, aliyefika jana na baba yake kutoka Garissa, na ambaye leo ameketi na familia.

Kanana wetu, Mungu akupe usingizi mtulivu, na amani yake ikae nawe.