Askari wa Mbele ya Farasi

Sogeeni wanangu, Shanta kaa upande huu wa sikio linalosikia, na wewe Chirag acha simu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno mara mbili.

Nyumba hii ya Iringa, duka la chini na vyumba vya juu, ni yenu wote wawili. Msiiuze kwa hasira. Hilo limekwisha. Sasa niseme habari ya sataranji, na msicheke, kwa kuwa ndani yake ndimo nilimoishi tangu mama yenu atutoke.

Nilipokuwa kijana nilicheza kama vitabu vinavyotaka: askari wa mfalme mbele hatua mbili, farasi nje, mfalme ndani ya ngome. Nikapigwa na kila mtu. Akili yangu haikuumbwa kwenda barabara kuu, hupenda vichochoro. Siku moja nikaanza na askari wa mbele ya farasi, hatua mbili, upande ule ule wa mfalme. Watu wakacheka. Lakini mpinzani akimla yule askari wa bure, tembo wangu wa nyuma anakuwa amefunguliwa njia ya mshazari kutoka pembe hadi pembe, na ngome yake, kete ile ya pembeni kule mwisho, haina pa kukimbilia. Nikashinda, nikashinda tena. Wakaniambia njia ya mwongo ni fupi, kisha mmoja mmoja wakaacha kuja. Hayo nayo myajue: mchezo wa hila hushinda watu, na huwafukuza.

Akabaki Liberatus peke yake, bwana misitu mstaafu, Mbena mwenye sauti nzito. Kila Jumamosi alipanda ngazi hizi akihema, akakaa, akaniambia, "Premji, leo cheza kama mtu mzima." Nami nasukuma askari yule yule. Anapiga meza. "Muhuni wewe!" Tukazeeka hivyo. Macho yake yalipokufa, binti yake Happy akaja kumchukua kumpeleka Makambako.

Wanangu, mlidhani nina ubao, basi sina upweke. Nilijaribu kucheza pande zote mbili, nikihama kiti hiki kwenda kile. Anayecheza wazi anaweza kucheza peke yake. Mimi sikuweza. Mtu hawezi kujitegea mtego, kwa sababu anajua alipouficha. Nikafunika ubao kwa khanga ya mama yenu, nikawa nasikiliza malori yakipanda mlima kutoka Ipogolo.

Masika haya nilimpigia Liberatus. Happy akamwekea simu sikioni. Nikasema, ni mimi, Premji. Akaniuliza, "Premji yupi?" Nikamtajia duka, nikamtajia Jumamosi zetu. Bure. Nikakaribia kukata. Kisha nikasema tu, "Askari wa mbele ya farasi, hatua mbili." Nikasikia anavuta pumzi, halafu kicheko kile cha kifuani: "Muhuni wewe! Bado hujakoma?" Jina langu lilikuwa limemtoka. Mimi sikuwa nimemtoka.

Ndiyo maana nakuambia, Shanta. Kule Mbeya kwenye mashindano ulipigwa kwa sababu kaka yako alikuambia ucheze kistaarabu, nawe ukavaa viatu vyake. Chirag, hukumtakia mabaya. Wewe ni wa njia nyoofu, ubaki nayo. Lakini huyu ni mimi mtupu. Mwacha asili ni mtumwa. Rudi Mbeya, mwanangu. Ila usichukue ufunguzi wangu wote, maana unamvua mfalme blanketi, na baridi ya huku unaijua. Ukitaka kupita pembeni, anza na askari wa mbele ya farasi wa upande wa malkia, tembo atoke kwa nyuma achungulie ubao mzima, mfalme abaki amefunikwa. Na usichague mtego ambao ukigunduliwa umekwisha. Chagua ule ambao mwenzako akiuona, bado una pa kusimama. Akikupiga, mkaribishe chai. Mimi sikuwakaribisha.

Nipeni maji... Yatosha.

Mkishanichoma, majivu yapelekeni Ruaha Mdogo, pale chini ya daraja, asubuhi, bila hotuba. Mpigieni Liberatus. Msimwambie nimekufa. Mtajieni hatua ya kwanza tu, mwacheni acheke, kisha mwulizeni atajibu nini. Shanta, mpigie wewe. Kila Jumamosi, ukiweza.

Mungu awape mtu wa kukaa naye mezani. Hiyo ndiyo baraka yangu, sina kubwa kuliko hiyo. Msigombane... msilale mmenuniana.

Chirag, funua ubao. Uweke hapa, juu ya miguu yangu, haihisi uzito tena. Wewe chukua nyeusi. Shanta, anza... hapana, usiniambie unachotaka kufanya. Fanya tu. Nitasikia kete ikigusa.