Suzana Nyanzala Mwandu, Aliyehamishia Ng'ombe Angani

Ng'ombe akifika mwezini, atacheua? Swali hilo liliulizwa mwaka 1990, katika darasa la tatu huko Kasansa, na binti wa miaka kumi na mmoja ambaye Kiswahili chenyewe alikuwa amejifunza juzijuzi, darasa likaangua kicheko, mwalimu akampigisha magoti kwa kuleta utani kwenye somo la sayansi, na hakuna aliyemjibu. Binti huyo ndiye mpendwa wetu Suzana Nyanzala Mwandu, tuliyekuja kumsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 wilayani Maswa, mtoto wa nne wa mzee Mwandu na mama Kabula, na mwaka 1986 wazazi wake walihamia Kasansa wakiswaga ng'ombe kwa miguu, na kila kijiji walichopita waliulizwa wametoka wapi na wataondoka lini, jambo ambalo hakulisahau, na nyie mliomsikiliza mnajua alilifanyia nini.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1994, akasoma sekondari mjini Sumbawanga hadi kidato cha nne mwaka 1998, na mwaka 2001 akaanza kazi ya kunadi mifugo minadani, mwanamke pekee mwenye kipaza sauti katikati ya wanaume na fimbo zao. Hapa familia inaomba isikilizwe vizuri. Historia iliyoandaliwa jana na kamati ya msiba ilisema marehemu alikuwa mfanyabiashara, basi, nukta, eti hadithi za angani hazisomwi mbele ya jeneza, watu watacheka. Na wacheke! Nyanzala alikuwa mtunzi wa hadithi za kisayansi, na hiyo ndiyo kazi iliyowatoa watu Karema na Majimoto hadi hapa Makanyagio mjini Mpanda, wakilala kwenye turubai, wakilia kama wamefiwa na mama yao.

Alianza mwaka 2003, siku ambayo malori ya wanunuzi yalikwama kwenye tope, watu wamechoka kusubiri, yeye kipaza sauti kiko mkononi, akaanza kusimulia habari za ukoo uliohamia na mifugo yake kwenye nyota ya mbali, na kabla hawajashusha hata ndama mmoja wakadaiwa kibali. Mchungaji mmoja akapaza sauti, "Mama, sasa hao ng'ombe huko juu wanakunywa wapi?" naye akamjibu, "Subiri, baba, kisima hata sijakichimba!" Malori yakafika, na watu wakayaambia yangoje.

Simu zilipoenea alijirekodi, akampelekea Dieudonne, mwenye duka la kuingiza nyimbo kwenye memori kadi hapa Makanyagio, na hadithi zikaenda porini kwenye redio ndogo zinazoning'inia shingoni mwa wachungaji. Mzee mmoja alitoka Kasansa kuja kuuliza wenye ng'ombe wengi wanajiandikishia wapi safari ya huko juu, watu wakamzomea, lakini Nyanzala alimvutia kiti, akamuuliza yeye angeacha nini nyuma, na jibu la mzee huyo likawa sura nzima ya Zizi la Angani, ile hadithi yake ndefu ya ukoo uliohamia nyotani.

Tarehe 22 Mei 2004 alifunga ndoa na Sylvanus, mkulima wa Kakese, wakajaliwa watoto wawili, Queen na Nathanael. Kila hadithi aliisikia kwanza Sylvanus, na ikimpa usingizi, mkewe aliitunga upya.

Mwezi Julai 2023 sauti ilianza kukwaruza, akagundulika ana saratani ya koo, akatibiwa Mpanda na baadaye Mwanza, na sehemu za mwisho za Zizi la Angani alizirekodi kwa kunong'ona. Wasikilizaji walidhani ni ufundi, kwamba hewa imewaishia wasafiri kule juu, wakamtumia salamu, "Mama, safari hii umetuweza!" Naye akatuzuia tusiwaambie ukweli, akasema waacheni, huko hewa imeisha kweli. Alifariki Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, akiwa nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Makanyagio kwa maji, kuni na kukesha nasi, na wenzake wa mnadani, waliofunga mnada kwa heshima yake.

Sasa tuseme lililo moyoni. Kompyuta ya Dieudonne iliungua masika yaliyopita, simu ya marehemu ilipotea hospitalini, kwa hiyo Zizi la Angani halipo popote ila kwenye kadi zenu, huyu ana kipande, yule ana kipande. Na tangu juzi yanazunguka maneno kwamba sauti ya mfu haikai ndani ya nyumba, ifutwe kabla ya kuanua tanga, na tayari wapo waliofuta, kwa nia njema, kwa kumheshimu. Heshima gani hiyo ya kumnyamazisha mtu aliyenong'ona mpaka pumzi ya mwisho ili mpate kusikia mwisho wa safari?

Lala pema, Mama, umesema vya kutosha.

Na nyie wenye kadi, tunawaomba msifute. Dieudonne amekaa na kompyuta ya kuazima pale pembeni ya jiko, kabla hamjarudi makwenu mpeni kadi anakili, kisha atawarudishia.