Dirisha la Jikoni na Miaka Ishirini na Minane ya Ndayambaje Damien

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 1958, Mzee Ndayambaje Damien anavua koti lake jeupe na kulitundika kwa mara ya mwisho. Aliingia Studio Belle Lumière hapa Goma Jumatatu tarehe 3 Februari 1930. Hiyo ni miaka ishirini na minane na karibu miezi kumi, na katika muda wote huo amechelewa kazini mara moja tu, siku mbuzi wa harusi alipokila kitambaa cheusi cha kamera njiani akalazimika kurudi nyumbani kuomba sketi ya mke wake. Harusi ilipigwa picha chini ya sketi ya Mama Annonciata, na hakuna aliyejua ila sisi.

Patron, mwenye studio, ameniomba mimi niandike haya kwa ajili ya gazeti letu la wafanyakazi, kwa sababu nimekaa naye chumba cha giza, kule tunakosafishia picha, tangu 1939. Aliniambia niandike kwa furaha. Nitajitahidi, lakini mtu aliyekuwa na mkono kwenye kosa hawezi kuliimbia wimbo. Nisipoliandika hapa, halitaandikwa popote.

Mzee Ndayambaje alitoka Rutshuru akiwa kijana wa kubeba mizigo ya wageni waliokuja kutazama milima. Mmoja wao alimpa miguu mitatu ya kamera aibebe mpaka Kibumba, na njiani Damien akawa anachungulia kila waliposimama kupumzika. Waliporudi Goma hakwenda tena kutafuta mizigo. Studio wakati ule ilikuwa chumba kimoja cha mbao juu ya mawe meusi, maji ya kusuuzia picha yakiletwa kutoka ziwani kwa madumu. Alianza kwa kuleta hayo maji. Mwaka 1934 alipewa kamera kubwa ya plaki, vile vioo vinavyoshika picha kabla ya kuchapwa kwenye karatasi, na tangu siku hiyo mtu akisema anakwenda studio, maana yake anakwenda kwa Damien.

Alikuwa na namna yake. Hakumwambia mtu acheke. Aliuliza habari za shamba, za mvua, za ng'ombe aliyezaa, na mtu alipoanza kujibu, Damien alikuwa amekwisha kumaliza kazi. Wakulima wa Kibumba waliteremka Jumapili baada ya misa wakiwa na mikeka yao wenyewe, kwa kuwa hawakupenda kukalia kiti cha mtu mwingine kwenye picha itakayobaki. Yeye hakubishana nao, aliutandaza mkeka na kuwapanga juu yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wageni walioacha majarida yao hotelini hawakujua walichotuletea. Mimi ndimi niliyeyakusanya, mimi ndimi niliyempa Mzee Ndayambaje mkasi. Alikata picha za wapigapicha wa mbali akazitundika kwenye kamba ya chumba cha giza: mama anayeuza samaki bandarini, mzee mwenye kiko, watoto wanaokimbia kwenye mvua. Hatukujua majina ya waliozipiga. Tuliwaita Wakubwa.

Kila mwaka, Jumanne ya kabla ya Jumatano ya Majivu, tulifunga mlango tukafanya kile alichokiita Siku ya Kupima. Damien alitoa plaki zake za zamani, moja moja, akaishika kila moja mbele ya dirisha, kando ya picha za Wakubwa. Aliuliza maswali mawili tu. Je, mwanga umekaa mahali pake? Je, kuna kilichotikisika? Plaki iliyoshindwa iliingia kwenye sufuria ya maji moto na soda ya kufulia. Utando wa picha ulilainika, ukateleza kama ngozi ya maziwa, kikabaki kioo kitupu. Vioo vya dirisha wakati ule vilikuwa adimu Goma, kwa hiyo hakuna kilichotupwa. Nusu ya madirisha ya wafanyakazi wa studio hii, na dirisha lote la depo, ghala letu, ni kazi ya Mzee Ndayambaje. Tulicheka sana tukisema yeye ndiye fundi wa kwanza duniani kutengeneza madirisha kwa kamera.

Mimi ndimi niliyekuwa muoshaji. Na niseme kweli yote: alipokuwa akisitasita juu ya plaki fulani, mara nyingine nilisema haraka kwamba imeshindwa, kwa sababu jikoni kwangu upepo ulikuwa unaingia.

Mwaka 1951 mlima ulipowaka, wazungu wote wenye kamera walikimbilia moto. Damien alikwenda nao mpaka Mugunga, kisha akageuza mgongo. Aliwapiga picha watu waliosimama barabara ya Sake kuutazama mlima: wanawake wenye mafurushi, mchungaji mmoja aliyeshika pembe ya ng'ombe wake, mzee mmoja aliyevua kofia, majivu yakiwaangukia mabegani. Plaki kumi na nne. Baada ya miezi michache tukaletewa jarida lenye picha za moto wenyewe, umepanda juu kurasa mbili nzima. Damien alitazama lile jarida, akatazama plaki zake, akasema amekuwa mjinga, amekwenda harusini akapiga picha ya jiko. Zote kumi na nne ziliingia sufuriani mwaka uliofuata. Picha za moto ziko kila mahali, hata kwenye kalenda za duka. Sura za watu wale wa barabara ya Sake haziko popote, na wengi wao wamekwisha kufa.

Majuto ni mjukuu, na wetu alikuja kwa miguu kutoka Kibumba, mwezi wa nane mwaka jana.

Alikuwa Mama Nyiramahirwe. Alikuwa amefunga kitu kwenye kitambaa, akakifungua mezani: picha yetu, au kilichokuwa picha. Paa la nyasi lilivuja, maji yakaingia ndani ya kibati alimoihifadhi, na karatasi ikawa doa la kahawia. Alisema kwamba mwaka 1944 alikuja hapa na binti yake Béata, mwenye miaka mitatu. Mwaka uliofuata surua ilimchukua. Hakuwa na sura nyingine ya mtoto huyo. Alisikia kwamba studio hutunza kioo, na kwamba kutoka kwenye kioo picha huzaliwa tena.

Damien alilichukua daftari. Alikuwa mtu wa utaratibu, kila plaki ilikuwa na namba, na kila iliyooshwa ilikuwa na msalaba mdogo pembeni. Namba 2612, Nyiramahirwe na mtoto, Kibumba. Ilikuwa na msalaba, wa Siku ya Kupima ya mwaka 1950. Kando yake, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameandika sababu: mkono wa mtoto umetikisika.

Alimweleza mama ukweli. Wengine tungesema panya, tungesema moto, tungesema plaki ilivunjika. Yeye alimwambia kwamba aliiosha mwenyewe kwa kuwa mkono haukutulia. Mama Nyiramahirwe hakupiga kelele. Alisema, "Papa Damien, ile mukono njo mutoto wangu. Béata hakukuwa mutoto wa kutulia. Ilikuwa inacheza na shanga yangu, mpaka leo ninaisikia hapa ku shingo."

Sikumwona Mzee Ndayambaje akilia kabla ya siku ile. Aliuliza tu, bila kunitazama, vioo vya mwaka 1950 vilikwenda wapi. Nilijua. Vyote viliingia dirisha la depo, isipokuwa viwili.

Tulianza na depo. Alipita kioo kwa kioo, jicho karibu na ukingo, akitafuta hata unywele wa utando uliobaki. Hakukuwa na kitu. Vioo vile nilivisugua vizuri kwa sababu patron alikuwa akipita pale. Basi tukaenda kwangu, watatu, mama akitufuata nyuma na kitambaa chake mkononi. Mke wangu Apolline alikuwa anakoroga bugali. Dirisha la jikoni lilikuwa jeusi kwa moshi. Damien aliomba maji na kitambaa, akaanza kupangusa yeye mwenyewe, taratibu kama anavyopangusa lenzi.

Kioo cha chini, pembe ya kushoto, kilikuwa na kipande cha utando kisichozidi stempu ya barua. Ni pale kidole gumba changu kilipokuwa kimeshikilia nilipokuwa naosha. Kila muoshaji mzuri hubadilisha mkono na kuosha na pale pia. Mimi sikubadilisha, nilikuwa nina haraka ya kupeleka kioo nyumbani. Apolline alikuwa amelipangusa dirisha lile kila Jumamosi kwa miaka saba, akidhani lile ni doa la moshi lisilotoka.

Ndani ya kile kipande kulikuwa na ukingo wa mkeka wenye mistari ya pembe pembe, na juu yake mguu mmoja mdogo, vidole vimekunjwa. Mama Nyiramahirwe aliinama, akatazama muda mrefu. Kisha akasema, "Uyu mukeka ni mimi nilisuka." Apolline aliacha mwiko, akakaa chini. "Yesu wangu," akasema, "kumbe tulikuwa na mutoto wa mutu mu dirisha, na mimi ninapikia pale kila siku."

Damien alikitoa kioo kwenye fremu kwa kisu, akaziba tundu kwa kartoni. Tulirudi studio. Alichapa kile kipande, mara moja kwa ukubwa wake, mara moja kikiwa kikubwa kama kiganja. Kikubwa kilipoteza ukali, mguu ukawa kama umesogea kidogo. Kwa desturi yake angekitupa. Alimwonyesha mama vyote viwili, na mama akachukua kile kilichosogea. Aliondoka nacho kifuani, na hakutuambia kwamba ametusamehe. Hatukumwomba.

Jioni ile Mzee Ndayambaje alizishusha picha za Wakubwa kutoka kwenye kamba. Hakuzichana, maana hazikumkosea mtu. Alinikabidhi na kusema, "Adalbert, mimi nililinganisha foto na foto. Sikuuliza hata siku moja foto ni ya nani." Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tuliijua wote wawili tangu utotoni, na haikutusaidia kitu.

Nimehesabu daftari kwa ajili ya maandishi haya. Mzee Ndayambaje amepiga plaki zaidi ya elfu sita. Zilizobaki ni mia tatu arobaini na moja. Watu wa Goma, wa Kibumba, wa barabara ya Sake, wazee waliozaliwa kabla ya studio yoyote kufika hapa, wanaharusi, maaskari, watoto waliobatizwa: tunaiona barabara kupitia kwao wenyewe, kila tunapochungulia dirishani kuona kama mvua imeanza. Maji yakimwagika hayazoleki. Nasikitika, na najua yeye anasikitika kuliko mimi, kwa sababu mimi nilipoteza kioo kimoja tu cha jikoni na yeye alipoteza kazi ya maisha yake.

Lakini asiseme mtu kwamba hakufanya kitu. Amefundisha wapigapicha watano, wawili wako Bukavu na wanafanya vizuri. Alibuni kukausha picha kwenye kabati lenye wavu wa chandarua, ili vumbi la mlima lisizishike, na studio zote za hapa zimeiga. Patron alipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, tulidhani atataja baiskeli. Aliomba sufuria ya soda itobolewe. Imetobolewa, tumepanda maua ndani yake, iko mlangoni, mtakapoingia mtaiona. Na kuanzia mwezi wa tisa mwaka jana hakuna plaki iliyooshwa hapa, hata ile ya mtu aliyepiga chafya.

Mzee Ndayambaje anarudi Rutshuru pamoja na Mama Annonciata, kwenye kahawa yake na wajukuu saba. Tunamshukuru kwa subira, kwa uaminifu, kwa ile sketi, na kwa kuwa mtu aliyesema ukweli siku ambayo uongo ungekuwa mwepesi. Mungu akupe afya, Mzee, na mvua kwa wakati wake, na jioni ndefu mbele ya mlango wako.

Jambo la mwisho. Tulipotafuta picha yake ya kuweka juu ya maandishi haya, hatukuipata. Alipigwa picha mara tatu katika miaka ishirini na minane, na mara zote tatu alijipima na Wakubwa, akajiona ameshindwa, akajitia sufuriani. Ndiyo maana mahali pa picha ni patupu. Jumamosi, baada ya hotuba, atakaa yeye mbele ya kamera, na mimi nitakuwa chini ya kitambaa cheusi. Mama Nyiramahirwe ametuma habari kwamba anateremka kutoka Kibumba, na kwamba analeta mkeka. Wajukuu wote saba watakaa naye juu ya mkeka huo. Nawaomba wazazi msiwaambie watoto watulie.

Adalbert, chumba cha giza