Aliyekipindua Kitabu Mbele ya Wageni

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Maboksi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba.

Alianza shule mwaka 1968, miguu peku. Mwenyewe alisimulia kwamba alifika darasa la tatu akiimba tu kitabu kwa kukariri, mpaka mwalimu mmoja alipomkalisha chini na kumfundisha sauti ya kila herufi. Hakumsahau. Mwaka 1982 akahitimu chuo cha ualimu.

Alipewa darasa la kwanza: watoto tisini na sita, vitabu vinne. Akakata maboksi ya sabuni, akayaandika herufi, na jina likamganda. Tarehe 20 Septemba 1986 aliolewa na baba yetu, fundi seremala, ambaye badala ya kabati la vyombo alimchongea sanduku la herufi.

"Na vyombo vyangu je?" mama akauliza.

"Vitakaa chini ya kitanda, mwalimu."

Vikakaa huko miaka kumi na mmoja.

Mwaka 1997 alianza kuwafunza walimu wenzake, akizunguka shule nane kwa baiskeli. Aliwafunza arobaini na mmoja. Kila aliyeiva alihamishiwa madarasa ya mtihani. "Darasa la kwanza mpe yeyote," waliambiana wakubwa, "wale ni wa kulea tu." Mama akaanza upya, tena na tena.

Tarehe 9 Juni 2011 afisa wa elimu alileta wageni. Binti mdogo akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Makofi yakapigwa. Mama akainuka taratibu, akamgeuzia kitabu kichwa chini, miguu juu.

"Soma tena, mwanangu."

Mtoto akasoma vilevile, neno kwa neno. Alikuwa akiimba tu, kama mama zamani.

"Huyu hana kosa," mama akasema. "Mwalimu wake nilimfunza miaka miwili, mkamhamisha Januari."

Mlangoni afisa akamshika mkono. "Bibi wee, umetuvua nguo mbele ya wageni!"

"Wageni wanaondoka kesho, bosi. Mtoto anabaki."

Wiki tatu baadaye akaletewa barua: akatunze stoo ya madawati mabovu. Huko alimalizia miaka yake kumi ya mwisho kazini. Alipostaafu mwaka 2021, aliyemuaga ni mlinzi wa geti.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Wodini hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Wale wawili bado wapo darasa la kwanza?" Kati ya wale arobaini na mmoja walikuwa wamebaki wawili. Tukamjibu, "Wapo, mama," na ilikuwa kweli. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa mbili asubuhi.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu sita na sanduku la herufi. Ofisi imeleta shada na barua inayosema pengo lake halitazibika. Linazibika. Wale walimu wawili wamesimama hapa nyuma ya jeneza, na jana mmoja wao aliletewa barua ya uhamisho kwenda darasa la saba.

Bosi, tunakuona hapo mstari wa mbele. Shada lako tumelipokea. Ile barua ya uhamisho tunaomba uichukue, urudi nayo ofisini. Mama yetu hakuwahi kupumzika. Mwacheni sasa alale kwa amani.