Fundi Taratibu na Breki za Mwalimu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi, endelea nayo. Mimi naomba sikio tu.

Leo namkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmewahi kupanda na kushuka mikononi mwake bila kumjua. Alikuwa fundi wa lifti. Kwa miaka thelathini na nne alihudumia lifti za hospitali, lifti za maofisi, na hii moja kongwe ya jengo letu la redio. Walimwita Taratibu. Jumamosi moja asubuhi, wiki tatu zilizopita, Taratibu alianguka na baiskeli mlimani, akafariki. Alikuwa na miaka sitini na moja.

Mimi nilimfahamu nikiwa nimekwama. Lifti yetu iligoma kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na taarifa ya habari ilikuwa imebakiza dakika kumi na moja. Nikapiga kelele, nikagonga mlango, nikabonyeza kila kitufe kilichokuwepo. Sauti ikatoka juu, pole kabisa: "Bwana mtangazaji, punguza sauti, huko ndani hakuna kipaza." Nikamwambia afanye haraka. Akajibu, "Haraka ndiyo iliyokuweka humo. Nani alikwambia ubonyeze vyote?" Alinitoa. Habari nilizisoma kwa wakati, shati limejaa grisi. Tangu siku hiyo hakuwahi kupita mlango wa studio bila kunichungulia na kuuliza, "Leo umebonyeza kimoja?"

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Dada yake mkubwa anakumbuka siku Taratibu, akiwa na miaka tisa, alipoifungua cherehani ya mama yao yote, kipande kwa kipande, kwenye mkeka. Mama akarudi kutoka sokoni, akasimama mlangoni. "Akairudisha jioni hiyo hiyo," dada mtu aliniambia. "Parafujo moja ikabaki. Mama akauliza, hii je? Akasema, mama, hii ilikuwa inasumbua wenzake. Na kweli, cherehani ikashona vizuri kuliko mwanzo. Mama alimchapa, halafu akampa chai."

Akasomea ufundi. Akaajiriwa kwenye lifti. Na siku moja mwalimu wa shule ya msingi akamletea baiskeli iliyotoboka tairi, kwa sababu aliambiwa yule fundi wa hospitalini ana gundi. Gundi hakuwa nayo. Alimwomba arudi kesho yake, halafu akaenda kuinunua. Huyo mwalimu ndiye mke wake. Hadi siku ya mwisho alimwita hivyo hivyo: mwalimu.

Kitu kilichowaunganisha ni mlima. Nyuma ya mji wetu kuna njia nyembamba inayopanda msituni. Mizizi, mawe, kona kali, na juu kabisa uwanda wazi wenye upepo. Kila Jumamosi asubuhi walipanda wawili, kila mmoja na baiskeli yake ya milimani. Mwalimu alikuwa na kasi. Taratibu alikuwa Taratibu. "Nilimngojea juu miaka ishirini," mwalimu ananiambia. "Akifika anasema, samahani, nilikuwa nasalimiana na miti."

Halafu moyo wa mwalimu ukaugua. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Alisimama katikati ya mlima, akakaa juu ya jiwe, midomo imebadilika rangi. Daktari alimwambia aendelee kutembea, aendelee hata kuendesha baiskeli, lakini moyo usikimbizwe. Milima basi. Alipewa saa ya mkononi ya kuhesabu mapigo. Yakizidi mia moja na ishirini, apumzike.

Mwalimu aliitundika baiskeli ukutani, viatu vyake vya kuendeshea akampa jirani. Kwa miezi minane Jumamosi zikawa siku za kufua. Na Taratibu naye hakupanda. Binti yao alimsihi, "Baba, nenda hata peke yako." Akasema, "Niende kufanya nini? Juu hakuna mtu."

Siku moja akarudi nyumbani anasukuma baiskeli ya milimani yenye mota ya umeme. Imetumika, imechoka, ina tope la miaka. Betri yake ilikuwa haifiki hata mwisho wa mtaa. Mwalimu akaitazama, akasema, "Nimekuwa mgonjwa, sijawa mzigo wa kubebwa." Taratibu akamjibu, "Nani kasema itakubeba? Utapiga pedali kama kawaida. Hii inakusaidia tu palipo pagumu. Mimi mwenyewe nina umri huu, ningependa kitu cha kunisaidia palipo pagumu, ila hawakitengenezi."

Wasikilizaji wapendwa, hebu tuliseme hili vizuri, maana wengi hudhani baiskeli ya umeme unaketi tu ikakupeleka. Hapana. Miguu inafanya kazi. Mota inaongezea nguvu. Kazi ya Taratibu ilikuwa kuhakikisha mota inaongezea kiasi kile tu ambacho moyo wa mkewe umepungukiwa.

Aliifungua mezani, pale wanapokulia. Binti yao anasema kwa majuma matatu walikula wameshika sahani magotini. Alisafisha vichwa vya betri, pale umeme unapopita, kwa mswaki. Alibadilisha mipira ya kuzuia maji yasiingie kwenye mota. Betri akatafuta nyingine yenye nguvu, akaitunza chumbani kwenye ubaridi, na hakuruhusu iishe kabisa wala ikae imejaa wiki nzima. "Betri ni kama mgeni," alisema. "Usimshindishe njaa, usimvimbishe." Cheni akaweka nene zaidi, kwa sababu mota huitafuna cheni ya kawaida. Na tope hakulipiga maji ya bomba hata siku moja. Alilifuta kwa kitambaa na brashi, akiimba vibaya.

Mara ya kwanza walipotoka, mota ilishtuka, ikaruka mbele kama mbuzi, ikamtupa mwalimu kichakani. Taratibu alikimbia roho mkononi. Alimkuta amelala chali, majani kichwani, anacheka hadi machozi. Miezi minane binti hakuwa amesikia mama yake akicheka hivyo. Alihadithiwa tu, na bado analia akisimulia.

Akarekebisha. Akaituliza mota ianze polepole. Mara ya pili, nusu ya mlima, umeme ukakata kwa sababu ya unyevu. Alizisukuma baiskeli zote mbili kurudi, mke anatembea mbele mikono mitupu kama mkaguzi. Akarekebisha tena. Mara ya tatu walifika juu. Saa ya mwalimu ilisoma mia moja na kumi na nne. Taratibu alifika baadaye sana, kwa baiskeli yake ya zamani isiyo na mota. Alikuta mkewe ameketi kwenye upepo. Alimshika mkono akaisoma ile saa, kisha akaenda pembeni, akajifanya anakaza nati.

Baada ya hapo zilikuja Jumamosi nyingi. Miaka miwili na nusu ya Jumamosi. Kupanda, mwalimu anatangulia. Kushuka, Taratibu anatangulia. "Nikianguka mimi," alisema, "wewe utajua pa kupita."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo ninaposhindwa kusoma vizuri. Mnivumilie.

Baiskeli ya umeme ni nzito. Kwa hiyo inakula pedi za breki, vile vipande vidogo vinavyobana gurudumu ili lisimame. Taratibu alikuwa amemwekea mwalimu breki kubwa zaidi, na zake mwenyewe alifunga za aina hiyo hiyo, ili pedi ziingiliane. Kila Alhamisi alizikagua baiskeli zote mbili. Alhamisi ile alikuta pedi zimekwisha kotekote. Kwake zimekwisha, kwa mwalimu zimekwisha.

Akaenda dukani kwa mama anayeuza vipuri. Watu humwita Mama Spea. Nilizungumza naye juzi, nyuma ya kaunta yake, na hakuweza kuinua macho. "Ilikuwa imebaki seti moja," alisema. "Nikamwambia, kaka, mzigo unaingia Jumatatu. Jumamosi hii msiende. Akasema, dada yangu, mwalimu anaisubiri Jumamosi tangu Jumapili. Nifungie hiyo moja. Nikamuuliza, na zako? Akasema, zangu zina Jumamosi moja bado."

Alichukua seti moja. Akaifunga kwenye baiskeli ya mkewe.

Mwalimu aliziona mpya, akauliza swali lile lile: "Na zako?" Taratibu alikuwa amechuchumaa, ameshika spana. Hakugeuka. Akasema, "Zangu ziko sawa."

Jumamosi walipanda. Mapigo mia moja na tisa. Walikaa juu, walikunywa maji, walibishana kuhusu rangi ya kupaka jiko. Mwalimu alitaka njano. Taratibu akasema njano inaonyesha moshi. Wakaanza kushuka, yeye mbele.

Ilikuwa kona ya tatu, yenye majani yaliyolowa. Mwalimu aliona mabega ya mumewe yakikaza. Aliona akibana breki, akibana tena, na baiskeli haipungui. Na akamsikia akipiga kelele. Hakuomba msaada. Alipiga kelele mara moja tu, kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kumsikia nazo: "Mwalimu, simama hapo!"

Mwalimu alibana breki. Baiskeli yake ikasimama pale pale. Taratibu akapita ukingo.

Alimfuata chini kwa miguu, akishikilia mizizi. Alimkuta amelala kando ya mawe, macho wazi. Alipiga simu, watu wakaanza safari ya kupanda. Akaketi, akakiweka kichwa chake pajani.

Mwalimu aliniambia sehemu hii akiwa amenyooka kwenye kiti, kama anasomea darasa imla. Nanukuu: "Aliutafuta mkono wangu wenye saa. Hakuweza kuugeuza. Akaniuliza, moyo unakwendaje? Saa ilikuwa imesoma mia moja na hamsini na sita. Nikamwambia, uko sawa. Akasema, haya, taratibu basi. Hakusema kitu kingine."

Waokoaji walifika baada ya dakika arobaini. Walimkuta mwalimu bado amemshika, na Taratibu ameshakwenda.

Mimi nilikuwa sijui habari za pedi. Hata mwalimu hakujua. Alizijua siku ya tatu ya msiba, Mama Spea alipokuja, akapiga magoti mbele yake sebuleni, mbele za watu wote, akasema, "Nisamehe, mimi ndiye niliyemuuzia." Mwalimu alimwinua. Akamwambia, "Wewe ulimwambia asiende. Mimi nilimuuliza, akanipa mgongo, na mimi nikaridhika na mgongo." Halafu wakakaa kwenye mkeka mmoja mpaka jioni.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Tumezoea kuutamka msemo huo tukicheka. Hebu leo tusicheke. Nyumbani kwako yupo mtu anayekagua vya wengine. Anayeuliza kama umekula, kama umemeza dawa, kama mlango umefungwa. Na ukimuuliza yeye, anasema, "Mimi niko sawa," huku amekupa mgongo. Msikilizaji mpendwa, usiridhike na mgongo. Mzungukie. Mtazame usoni. Shika gurudumu lake kwa mkono wako mwenyewe, kama ni gurudumu. Shika kiganja chake, kama ni homa. Atakasirika, na akasirike.

Kwa mwalimu, kwa binti yao, kwa dada mkubwa aliyemlea mgongoni, kwa mafundi wenzake wa lifti, na kwa Mama Spea pia, maana naye amefiwa: sisi wa redio hii tunawapa pole. Pole pia kutoka kwa wote waliowahi kukwama kama mimi, ambao sikuwahi kuwajua. Mungu awape subira.

Nilipomaliza mazungumzo na mwalimu, nilizima kinasa sauti. Nikamuuliza anaendeleaje kweli. Akasema siku za katikati ya wiki si mbaya. "Jumamosi ndiyo sijui niifanyeje. Naamka, navaa nguo za kuendeshea, zote, mpaka glavu. Nakaa kitandani. Ikifika saa nne nazivua, nazikunja."

Nikamuuliza kama kuna jambo angependa niwaambie. Jirani alikuwa anatwanga kitu nje, tukamsikiliza anatwanga.

"Usiwaambie alikuwa shujaa," akasema. "Watu wanakuja hapa wananiambia, mumeo alikufa shujaa. Mimi sikuolewa na shujaa. Waambie alikuwa mchekeshaji. Waambie alikuwa mwongo, aliniongopea mara moja katika miaka thelathini na mbili. Waambie ningeweza kusubiri Jumatatu. Ningesubiri hata mwaka."

Nimewaambia, mwalimu.